Sola ya "ofa ya leo tu": uchambuzi wa mauzo ya mlangoni Igawilo, Mbeya

Kisa hiki ni cha mfano. Mwenye nyumba, wauzaji na kiasi cha fedha hakimhusu mtu fulani. Tumekipanga ili kila mbinu ya wauzaji wa mlango kwa mlango ionekane mahali pake. Mahali ni Igawilo, jirani na Uyole, jijini Mbeya. Ni mwezi wa Julai: mpunga wa Usangu umevunwa, mahindi yameanza kuuzwa, na nyumba nyingi zina fedha kidogo ndani au kwenye simu. Wauzaji wa namna hii wanaijua kalenda ya mavuno kama mkulima mwenyewe.

Saa 4 asubuhi vijana wawili wanabisha geti, wa kike na wa kiume. Wamevaa fulana za rangi moja, vitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. Pikapu imesimama barabarani, nyuma yake paneli za sola zinaonekana. Mama mwenye nyumba yupo na mtoto wa dada yake. Mume yuko kazini Mbalizi na hurudi jioni.

"Ugonile, mama. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu."

"Mama, hatuuzi kitu. Tunahakiki nyumba zinazostahili kuingia kwenye mradi wa umeme wa jua. Mwenyekiti wa mtaa anatufahamu, na jirani yako wa geti la bluu tumeshamfungia."

Kwa kuwa baridi ya Julai ni kali, wanakaribishwa sebuleni na chai inatengwa. Wanauliza kwa mwezi nyumba inanunua umeme wa shilingi ngapi, umeme ukikatika mtoto anasomaje, friji inaharibu nyama mara ngapi. Wanatoa balbu mbili za kuchaji, "zawadi ya uhakiki." Kisha bei: mfumo kamili wa paneli ya wati 300, betri ya Ah 200 (ampia-saa, kipimo cha akiba ya betri), invata ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na balbu sita, unaoendesha TV, friji na pasi, ni Sh 1,850,000. Mama anacheka, anasema hiyo fedha hana. Kijana anampigia "meneja", anaweka sauti ya nje, na meneja anakubali Sh 1,150,000 kwa nyumba tatu za mwisho za mtaa huo, mradi malipo ya kianzio yaingie kabla ya saa 6, ofa itakapofungwa.

Mama anauliza, "Kwani hiyo paneli ni kubwa kiasi gani?" Jibu ni kitendo: kijana anatoka, na kabla chai haijapoa paneli iko juu ya bati na drili inalia. Mama anasema ampigie baba wa nyumba kwanza. Yule muuzaji wa kike anamwambia, "Baba akirudi akute taa zinawaka, mama, atafurahi mwenyewe." Anamwekea mbele fomu ya "uhakiki wa taarifa za mteja", anapiga picha kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, anamwonyesha pa kuweka sahihi. Sh 400,000 za kianzio na Sh 15,000 za fomu zinatumwa kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi. Saa 6 na robo pikapu imeondoka.

Watu wakisikia kisa kama hiki husema mama hakuwa makini. Hatukubaliani nao. Alisema hana fedha, akauliza ukubwa wa paneli, akataka kumpigia mwenzake. Hayo ni maswali sahihi kabisa. Shida ni kwamba kila swali lilijibiwa kwa kitu kilichofanya kukataa kuwe kugumu zaidi. Pale getini kukataa kulikuwa bure: "Asanteni, hatuhitaji," geti linafungwa. Baada ya chai, kukataa ni kumfukuza mgeni. Baada ya balbu mbili, ni kukosa shukrani. Baada ya meneja kupunguza laki saba, ni kumdhalilisha kijana mbele ya bosi wake. Baada ya paneli kupanda juu ya bati, ni kumwambia fundi ashushe kazi aliyokwisha kuifanya. Bei ilitajwa katikati, lakini mauzo yalishaanza kukamilika tangu "karibuni ndani." Mama alikuwa anapambana na heshima yake mwenyewe, na wauzaji walijua hivyo.

Mtu mwaminifu anaposema hauzi kitu, haachi gari lenye bidhaa barabarani. Sentensi ile ya getini ilikuwa na madai matatu yanayoweza kuthibitishwa kwa dakika tano: mradi, mwenyekiti na jirani. Simu moja kwa mwenyekiti wa mtaa inatosha, na iwe kwa namba iliyomo kwenye simu yako, maana mwenyekiti unayepewa na muuzaji aongee naye anaweza kuwa mwenzao aliyeko kwenye pikapu. Jirani wa geti la bluu yuko hatua chache. Nenda ukamuulize huku wageni wakisubiri nje. Mara nyingi utakuta jirani naye aliambiwa kwamba wewe ndiye uliyeshafungiwa. Salamu ya Kinyakyusa haithibitishi chochote, ingawa hulainisha moyo. Kitambulisho cha shingoni ni karatasi iliyopitishwa kwenye plastiki. Muulize jina la biashara kama lilivyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, TIN yake, yaani namba ya mlipa kodi, ofisi iko jengo gani na mtaa gani hapa mjini, na leseni ya biashara ilitolewa na halmashauri ipi. Mwenye kampuni ya kweli huyajibu haya bila kubabaika, na hakasiriki ukiyaandika.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu ndipo pasipo na maneno matamu. Salio la Sh 750,000 lilipangwa kulipwa kwa rejesho sita za Sh 145,000. Mara sita ni Sh 870,000. Ongeza kianzio cha Sh 400,000, unapata Sh 1,270,000, na fomu Sh 15,000 juu yake: Sh 1,285,000. Bei ya ofa iliyosherehekewa sebuleni ilikuwa imeongezeka Sh 135,000 kimyakimya. Muuzaji wa rejesho hutaja rejesho peke yake kwa sababu 145,000 ni namba ambayo mtu anaweza kuifikiria ndani ya mwezi mmoja. Kanuni ya nyumbani iwe kuandika jumla kwenye karatasi, kwa kalamu, mbele ya muuzaji, na kumwomba aweke sahihi pembeni ya jumla hiyo. Wengi watapata udhuru hapo hapo. Na bei ya kwanza, Sh 1,850,000, haikuwa bei ya kitu chochote. Iliwekwa ili ya pili ionekane nafuu. Linganisha na maduka mawili ya vifaa vya umeme pale Mwanjelwa au Kabwe kabla hujaita kitu nafuu.

Sasa bidhaa yenyewe. Jioni baba wa nyumba alimwita fundi umeme wa mtaani. Alianza na futi kamba. Paneli ilikuwa na urefu wa sentimita 102 na upana wa sentimita 67, yaani eneo la karibu mita za mraba 0.68. Jua kali la kipimo cha viwandani ni wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri za sokoni hugeuza kama asilimia 20 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Kwa eneo lile, hata ukiipendelea sana, huwezi kupita wati 150. Karatasi iliyobandikwa mgongoni ilisema 300. Paneli halisi ya wati 300 inakaribia mita moja kwa mita moja na nusu au zaidi. Mtu mmoja huipandisha kwenye bati kwa shida. Huhitaji mita wala ufundi kulijua hilo, unahitaji futi kamba tu. Kesho yake adhuhuri fundi alipima mkondo wa paneli kwa mita, akapata ampia 6. Paneli ndogo za mfumo wa volti 12 hufanya kazi kwenye volti 18 hivi, kwa hiyo 18 mara 6 ni wati 108. Kama ingekuwa ya 300 kwa volti hizo hizo, angeona zaidi ya ampia 16, na mita ndogo yenye kikomo cha ampia 10 ingeungua fyuzi.

Betri ilipimwa kwa mizani ya kupimia magunia ya viazi, ya jirani. Kilo 19. Betri ya risasi ya volti 12 yenye Ah 100 huwa na kilo 28 hadi 32 hivi. Ya Ah 200 huwa na kilo 55 hadi 65. Kilo 19 ni betri ya kama Ah 60. Tahadhari moja: betri za lithiamu ni nyepesi sana, Ah 100 inaweza kuwa na kilo 10 hadi 13, hivyo uliza kwanza aina ya betri ndipo utumie mizani. Hii iliandikwa "gel", ambayo ni jamii ya risasi.

Kwa paneli ya wati 108 na saa tano za jua zuri unapata wati-saa 540, ukitoa robo inayopotea kwenye nyaya, chaja kontrola na invata, zinabaki kama 400. TV ya inchi 32 inayokula wati 40 kwa saa tano ni 200. Balbu sita za wati 5 kwa saa tano ni 150. Hapo mfumo umeisha. Friji ndogo ya nyumbani peke yake inaweza kutumia wati-saa 700 hadi 1,000 kwa siku, na pasi ya wati 1,000 hata haitawashwa na invata ya wati 300 iliyofungwa pale, itazima yenyewe. Kwa hiyo mama alinunua mfumo wa taa na TV kwa bei ya mfumo wa friji. Kama wangemwambia hivyo na kumpa bei ya hivyo, pengine angenunua kwa furaha, kwa maana umeme hukatika na mtoto anahitaji kusoma. Hilo ndilo linalouma.

Kuna na bati. Skrubu nne zilipigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo wake, bila raba. Julai hakuna atakayeona kitu. Mvua zikianza Novemba, maji yanayoteremka bondeni yatapita pale kwenda kwenye dari. Paneli pia iliangalia mashariki kwa sababu ndiko upande wa paa ulikokuwa karibu na ngazi. Mbeya iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Paneli yake inatakiwa iangalie kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Anayefunga haraka hivyo anakimbiza kamisheni, na anajua hatarudi kusafisha.

Fomu ya "uhakiki" tuisome kwa utulivu, kwa kuwa mama hakupewa nafasi hiyo. Ukurasa wa kwanza: jina, namba ya simu, idadi ya watoto. Nyuma, kwa herufi ndogo: "Mteja amekagua bidhaa na kuridhika nazo. Kianzio hakirudishwi. Mteja akichelewa rejesho kwa siku 7, kampuni itachukua bidhaa pamoja na mali nyingine ya nyumbani yenye thamani inayolingana." Hapakuwa na anwani ya ofisi, TIN, namba za mfululizo (serial) za paneli na betri, wala neno kuhusu waranti ya miaka mitano iliyotajwa mdomoni. Ahadi isiyoandikwa kwenye karatasi mliyosaini, ihesabu kuwa haipo. Karatasi yoyote ya mlangoni igeuze nyuma kabla ya kugusa kalamu. Na ukiona haikai na wewe nakala, usisaini.

Ule ulikuwa wakati wa kusema nini, basi? Maneno mafupi hufanya kazi kuliko sababu, kwa sababu kila sababu unayoitoa muuzaji amefundishwa kuijibu. Ukisema "sina fedha", atakuletea rejesho. Ukisema "mume hayupo", atakuletea furaha ya jioni. Sema: "Nyumba hii hainunui kitu siku ya kwanza kukisikia. Niachieni karatasi ya bei." Rudia sentensi hiyo hiyo bila kuiongezea kitu, ukiwa umesimama kibarazani. Ugeni na ukarimu wetu ni jambo jema, ila chai ni ya wageni, na anayekuja kuuza anaweza kuhudumiwa kibarazani bila kuvunjiwa heshima. Fundi akianza kupanda paa, sema kwa sauti inayosikika kwa jirani: "Shuka, sijakubali." Usingoje amalize shimo la kwanza. Zawadi irudishe mkononi mwao. Wasipotoka, mpigie mwenyekiti wa mtaa au jirani mbele yao; muuzaji anayetegemea mtaa mzima hapendi kelele kwenye geti moja.

Malipo yalitakiwa kwenda kwenye namba ya biashara, lipa namba yenye jina linalofanana na lile la karatasi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kutolewa papo hapo. Risiti hiyo ina TIN ya muuzaji na namba ya uhakiki unayoweza kuiingiza kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, ukaona kama ni ya kweli. Mama alipewa risiti ya kitabu cha dukani yenye mhuri. Fedha iliyoingia kwa jina la mtu binafsi ni ngumu kuihusisha na kampuni baadaye, na ndiyo maana waliitaka huko.

Baada ya kugundua, saa za kwanza zina thamani kubwa. Familia hii ilifanya mambo kwa mpangilio mzuri. Usiku ule walipiga huduma kwa wateja ya mtandao wao wa simu na kuripoti muamala. Fedha ilikuwa imeshatolewa, lakini taarifa ilibaki kwenye kumbukumbu. Waliacha kutumia mfumo, wakapiga picha karatasi za mgongoni, mizani ikionyesha kilo 19, futi kamba ikiwa juu ya paneli na fomu pande zote mbili. Walitunza maboksi. Mama alibonyeza *106# kuangalia namba za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa vile picha ya NIDA ilikuwa mikononi mwa watu asiowajua. Alama ya kidole hakuwapa, na hilo lilimwokoa. Kidole usimpe mtu wa mlangoni kwa sababu yoyote ile.

Asubuhi walituma ujumbe wa maandishi:

"Jana tarehe 15 Julai mliniuzia mfumo wa sola mkisema paneli ni wati 300 na betri ni Ah 200. Paneli ina sm 102 kwa 67, betri ina kilo 19. Bidhaa si ile mliyonieleza. Nimeacha kuitumia na ipo salama. Rudisheni Sh 415,000 na mchukue vitu vyenu Jumamosi saa 8 mchana, ofisi ya serikali ya mtaa."

Ujumbe huo una tarehe, kasoro inayopimika, dai moja, siku na mahali. Hauna matusi wala vitisho, hivyo unaweza kusomwa mbele ya yeyote. Sheria iko upande wa anayeandika hivi. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inampa mtu haki ya kuukataa mkataba aliouridhia kwa kudanganywa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na bei, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko. Kuna watu husikia kwamba Marekani mnunuzi wa nyumbani ana siku tatu za kazi za kubadili mawazo, nao hudhani kila mahali ni hivyo. Usiutegemee ukarimu wa sheria ya nchi nyingine: andika mwenyewe kwenye makubaliano, kabla ya kulipa, "mnunuzi anaweza kurudisha ndani ya siku 7 na kurejeshewa fedha yote," muuzaji asaini. Akikataa sentensi hiyo, amekujibu.

"Meneja" alipiga simu siku ya pili, akasema atakuja na polisi kuchukua TV. Hili ni tishio tupu. Deni la rejesho ni la madai. Mali ya mtu hukamatwa kwa amri ya mahakama na dalali wa mahakama, si kwa pikapu ya wauzaji. Baba wa nyumba alimjibu kwamba wafike ofisi ya mtaa, na akairekodi tarehe na saa ya simu ile. Jumamosi walifika, kwa sababu walikuwa bado na nyumba nyingine za kuuzia hapo Igawilo na mwenyekiti alishaanza kuulizwa maswali na wakazi. Walitoa Sh 300,000 wakidai zilizobaki ni gharama za ufungaji.

Je, ilikuwa sawa kuzipokea? Kwa mtazamo wetu, ndiyo, kwa masharti ambayo familia iliyashika: fomu yenye sahihi ya mama ilirudishwa na kuchanwa mbele ya watu, na karatasi mpya iliandikwa kwamba hakuna deni lolote lililobaki, ikasainiwa na pande zote na kugongwa mhuri wa mtaa. Kuidai Sh 115,000 iliyosalia kwenye Mahakama ya Mwanzo kungewezekana kabla ya kusaini karatasi hiyo, na picha zilikuwepo, ila lazima kwanza uwe na jina halisi na mahali pa kumpelekea mdaiwa wito. Hapo ndipo kukosekana kwa anwani kwenye fomu kunapogharimu.

Matundu manne ya bati yalizibwa kwa skrubu fupi zenye raba na silikoni ya nje, kazi ya saa moja kabla ya mvua.

Wiki mbili baadaye simu ngeni iliingia. Mtu alijua jina la mama, kiasi alicholipa na tarehe. Alijitambulisha kama ofisa wa kusaidia wateja waliodhulumiwa na wauzaji wa sola, akasema fedha iliyobaki imeshapatikana na inasubiri ada ya faili, Sh 25,000. Majina ya waliolipa mara ya kwanza huuzwa kwa wengine, maana aliyelipa mara moja anahesabiwa kuwa atalipa tena. Ofisi ya kweli haitozi ada kwa simu ili ikurudishie fedha yako. Mama alikata simu, na ujumbe uliofuata akauripoti kwenda 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa utapeli.